Crown Athlete au Mark X, ukitokea kwenye GX110

Mkuu, niweke swali lako hapa kwa kifupi ili na wengine waelewe tunaongelea nini. Una GX110, yaani Mark II ya zamani, yenye injini ya 1G, umekaa nayo miaka, upo Dodoma kikazi, Dar unashuka na familia mara kwa mara, watoto wawili na bi mkubwa nyuma. Unataka upande ngazi, ama Crown Athlete 2.5 GRS200 ya 2009 au 2010 ama Mark X GRX130 ya 2010, umesikia injini zake zinakula mafuta na zinakunywa oili, sasa unataka kujua zikoje barabarani na wenye nazo wanasemaje wakishakaa nazo. Mwisho ukauliza kama uvute yenye injini ya lita 3.5 moja kwa moja yaishe.

Jibu la haraka ni Crown 2.5, ile ya kuvuta nyuma tu, achana na four wheel. Ila usichukue Crown yoyote tu, chukua ile umeiona inawashwa asubuhi ikiwa ya baridi kabisa. Kwa mtu anayetoka kwenye 1G hiyo sentensi ya pili ndio muhimu kuliko ya kwanza, nitakwambia kwa nini.

Kwanza ujue hizi gari mbili ni ndugu wa damu. Crown iliachana na zile injini za mstari, 1JZ na 2JZ, mwishoni mwa 2003 ilipotoka S180, ile ya Zero Crown, ikahamia V6 ya familia ya GR. Mwaka uliofuata Mark II ikabadilishwa jina ikawa Mark X na ikapewa injini hizo hizo. Sasa GRS200 ilitoka 2008 na GRX130 mwishoni mwa 2009, zote kwenye 2.5 zina 4GR-FSE, cc 2499, gia boksi ya gia sita, na hata umbali wa tairi la mbele mpaka la nyuma ni ule ule, milimita 2850. Upana pia sawa, 1795. Crown imeizidi Mark X urefu wa sentimita 14, ila kwa kuwa matairi yamekaa umbali ule ule hizo sentimita nyingi zimeenda kwenye boneti na buti, kwa hiyo anayekwambia ndani ya Crown ni uwanja ukilinganisha na Mark X anakuongopea kidogo. Unacholipia zaidi kwenye Crown ni ukimya na viti. Na jina, tusifichane.

Tuje barabarani. Kwenye GX110 una farasi 160 hivi na unajua mwenyewe ukitoka Chalinze kuja Moro na semi nne zimeongozana mbele, unaanza kupiga hesabu mapema, unashusha gia, unasikia 1G inalia, unaomba Mungu. Hii 4GR ina farasi 203 au 215 kutegemea toleo, Mark X GRX130 zote za 2.5 ni 203. Kwenye karatasi tofauti sio ya kutisha ila kwa mguu ni gari lingine kabisa, ukikanyaga gia boksi inashuka gia mbili kwa mpigo na injini inaamka kuanzia kama mzunguko wa elfu nne hivi kupanda juu, hapo ndio inaimba, V6 ina mlio mzito wa chini ambao hausumbui abiria ila dereva unausikia. Chini ya hapo ni mpole, na wengi wanaotoka kwenye turbo wanasema haina nguvu, sio kweli, ni injini inayotaka kuzungushwa. Nina mteja wa Mbeya anayeipandisha Kitonga kila mwezi na mzigo, anasema raha yake sio spidi, raha ni kwamba ikishapata gia yake mlimani inatulia hapo haihangaiki.

Hiyo batani ya PWR karibu na gia vijana wanaipenda sana, haiongezi farasi hata mmoja mkuu, inabadilisha tu muda wa kupanda gia na injini inavyoitikia mguu. Ya SNO ni ya theluji, inakupunguzia ukali wa kuondoka, huku kwetu inasaidia kwenye tope jepesi basi.

Usukani ni wa umeme, mwepesi mjini na unakazana kidogo ukikimbia. Hapa wenye GX110 wengi wananung'unika mwanzoni, wanasema hawaisikii barabara kwenye mikono, na ni kweli, haidroliki ya zamani ilikuwa inakupa habari zaidi. Athlete ni ngumu kuliko Royal Saloon, ile Crown ya starehe, inalala kidogo sana kwenye kona, ukishuka vilima vya Gairo unaiona imekaa chini imetulia. Mark X kwenye kona iko hai zaidi kwa sababu ni nyepesi, ukiwa peke yako Mark X ndio inakuchekesha. Ukiwa na bi mkubwa nyuma na watoto wamelala, Crown. Mtu wa tatu nyuma, yule wa kati, atateseka kwenye gari zote mbili maana kuna lile tuta la propela linapita katikati ya sakafu, kwa hiyo kwenye safari ndefu mtoto mdogo ndio akae hapo.

Kitu kimoja wenye Crown wote wanakubaliana, na kila mmoja anakisema huku anacheka, ni ukimya. Unakuwa 110 unahisi 70, halafu kibao cha 50 kinatokea Kibaigwa na afande ameshakupiga tochi. Ukitoka kwenye GX110 ambayo upepo ulikuwa unakwambia spidi yako, miezi ya mwanzo angalia mshale kila mara. Na Crown nyeusi kwa tochi ni kama ina jina lako.

Haya sasa injini, hapa ndio nataka ukae vizuri.

1G yako petroli inapulizwa kwenye njia ya hewa kabla ya vali, kwa hiyo kila siku petroli inaziosha zile vali za kuingiza. Pia ni injini ya kusamehe, umechelewa servisi, umeweka oili ya kupimwa kwa chupa, bado inaenda. 4GR-FSE ni D-4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, vali za kuingiza haziguswi na petroli kabisa. Wakati huo huo mvuke wa oili kutoka chini ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa, unafika kwenye vali za moto, unaungua unakuwa masizi magumu. Miaka inaenda, masizi yanajaa, hewa inapita kwa shida. Hii sio stori ya mafundi wa bongo, Lexus IS250 inatumia injini hii hii na Marekani wenye nazo walilalamika mpaka kampuni ikaweka mpango maalum wa kuwashughulikia.

Dalili zake utazijua. Asubuhi inawaka inatetemeka kidogo halafu inatulia ikipata moto, ukisimama kwenye taa ukiwa kwenye D usukani unatetema, siku nyingine taa ya cheki injini inawaka ukipima unakuta P0300, yaani silinda zinaruka moto. Fundi atakuuzia plagi, hazitasaidia, atakuuzia koili, kimya, kisha atakwambia nozeli, na nozeli za D-4 bei yake utakaa chini. Kumbe tatizo ni vali zimevaa koti. Dawa yake ni kufungua manifodi ya hewa na kuzisafisha vali kwa mkono, mdogo mdogo, kila moja ikiwa imefungwa ili uchafu usidondoke ndani. Kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua. Zile chupa za kumwaga kwenye tenki zinazoandikwa zinasafisha injini, fikiria tu mwenyewe, petroli haipiti kwenye hizo vali, dawa itafikaje? Zinaweza kusaidia nozeli, kwenye vali ni hela ya bure.

La pili ni ringi za pistoni. Oili ikichelewa kubadilishwa ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, inaganda na masizi, haikwangui tena, injini inaanza kunywa. Na ikinywa oili masizi kwenye vali yanaongezeka, wanasaidiana. Ndio maana unasikia watu wawili wana Crown za mwaka mmoja, mmoja anaapa ni gari bora hajawahi kuona na mwingine anaitukana, wote wanasema kweli. Mmoja gari lake lilibadilishwa oili kwa wakati Japan na huku, mwenzake amerithi madhambi ya mtu.

Kuna kosa la gereji zetu ambalo naliona sana kwenye hizi V6. Injini hii ukibadilisha na filta inachukua oili lita sita na kidogo. Galoni zetu ni lita nne. Fundi anafungua galoni moja anaongeza chupa ya lita moja anasema imetosha, maana kazoea IST na Carina. Umeondoka gereji ukiwa umepungukiwa zaidi ya lita tayari, na kama injini ina tabia ya kunywa kidogo, ukifika kilometa elfu tatu hali ni mbaya, na taa nyekundu ya oili haiwaki mpaka presha imeshaanguka na hapo ushachelewa. Wewe nunua galoni mbili, 5W-30 ya sinthetiki ya duka unaloliamini, simama hapo hapo, chomoa dipstiki mwenyewe. Kila kilometa 5000 badilisha, hata kama galoni limeandikwa elfu kumi. Na dipstiki iangalie kila baada ya tenki moja au mbili, huo mchezo wa kufungua boneti siku ya servisi tu ulikuwa wa 1G.

Kunywa kiasi gani ni kawaida? Kwa umri wa hizi gari, ikipungua nusu lita ndani ya kilometa elfu tano mimi sikosi usingizi. Ikipungua nusu lita ndani ya elfu moja, usinunue, na kama ushanunua anza kuweka pembeni hela ya ringi.

Gia boksi haina dipstiki, wameifunga, na inataka haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, ya Toyota WS tu. Mafundi wengi wanakwambia hiyo haiguswi maisha, wengine wanamwaga ile nyekundu ya kawaida. Wote wakwepe. Kwa gari la miaka hii ibadilishwe taratibu kwa WS na ipimwe ikiwa kwenye joto lake, gia boksi yenyewe ni imara sana ikiheshimiwa. Kwenye kupoza injini angalia wota pampu, ikianza kuvuja inaacha ukoko wa pinki pembeni kwenye upande wa mikanda. Na tafadhali weka kulanti, usiweke maji ya bomba, hasa wewe wa Dodoma, chumvi ya maji ya huko ukiichemshia chai unaiona kwenye sufuria, ndani ya rejeta inafanya hivyo hivyo.

Miguu. Hizi gari zina mikono mingi mbele na nyuma, kila mkono una bushi zake, ndio inayokupa ule utulivu kwenye lami na ndio inayokula hela yako kwenye rafu. Bushi za lower arm mbele ndio huanza, utasikia kok kok kwenye matuta madogo na gari linavuta ukifunga breki. Baadhi ya Athlete zina shokapu za AVS, zile za umeme, zinafanya kazi nzuri ila zikifa bei ni nyingine kabisa, wengi wanaishia kuweka za kawaida na kuzima ile taa, sio dhambi ila gari halibaki lile. Kabla hujanunua ulizia kama lako ni AVS.

Ushauri ambao vijana hawaupendi ni huu, toa zile rimu za 18. Athlete inakuja na 225/45R18, ukuta wa tairi ni milimita 101 tu, shimo moja usiku na rimu imekunjika. Weka 17 na tairi 215/55, mzunguko wote wa tairi unakaribia ule ule kwa hiyo mshale wa spidi haudanganyi sana, unapata ukuta wa milimita kama 118 na bushi zako zinaishi. Zile za 18 funga godoro weka stoo, siku ya kuuza unazirudisha. Bampa la mbele liko chini, matuta ya vijijini yale yasiyopakwa rangi panda taratibu na ukiwa umejaza abiria zaidi taratibu.

Mafuta sasa. Wajapani kwenye karatasi zao wanaandika karibu kilometa 12 kwa lita. Wateja wangu wenye injini nzima safari ndefu wanapata 11 mpaka 13, na foleni ya Dar, Mandela ile ya jioni, 6 mpaka 8, huko mtu asikudanganye. Dodoma mpaka Dar ni kama kilometa 450, tuseme lita 38 hivi ukienda kistaarabu, na tenki ni lita 71. Wewe wa Dodoma ambaye foleni unaisikia kwenye redio hutalia kama mtu wa Mbagala. Kama ungekuwa Mbagala ningekushauri kitu kingine kabisa. Na sasa SGR ipo, siku unasafiri peke yako panda treni gari lipumzike, nakwambia kama fundi ambaye angependa ulete gari.

Ila kuhusu aina ya petroli, fungua kifuniko cha tenki uangalie stika. Matoleo ya farasi 215 Japan yalitaka petroli ya okteni ya juu, ya 203 yanatumia ya kawaida. Huku tunajaza iliyopo, kompyuta ya gari inajirekebisha na unapoteza nguvu kidogo, haifi. Kinachoua ni petroli chafu, maana pampu ya presha ya D-4 haina uvumilivu na uchafu wala mafuta ya taa. Jaza kituo chenye foleni ya magari, mafuta yao hayakai tenkini muda mrefu, na usisubiri taa ya njano.

Ulichouliza kuhusu 3.5. Hapa nitakushangaza, kwa upande wa masizi 2GR-FSE ya 3.5 ni injini bora kuliko hii yetu, kwa sababu ina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali zinaoshwa kama kwenye 1G yako. Na farasi 315, mkuu, hiyo sio sedani tena ni ndege. Lakini mafuta mjini yatakutia adabu, zilizoingia nchini ni chache kwa hiyo hata kuchagua huchagui, na nyingi nilizoziona zimepita kwa vijana watatu wanne kila mmoja anataka kuona mshale wa 180 unagota. Ukipata iliyotunzwa na mfuko unaruhusu sikukatazi. Ile ya 3.0, 3GR, iruke, ina tabia zote za 2.5 na mafuta zaidi.

Vitu vidogo ambavyo hakuna anayekwambia mpaka umelipa. Redio yao inaishia 90 kwa hiyo stesheni zetu nyingi huzipati mpaka ufunge kile kidubwasha cha kuhamisha masafa. Skrini ni Kijapani na kwenye Crown imeunganishwa na mipangilio mingi ya gari, kuing'oa uweke ya Android sio kama kwenye IST. Ukikata betri kiholela skrini inaweza kujifunga. Taa za mbele ni xenon, nzuri sana usiku ila ukigongwa kona moja, hata used ya Ilala utaona bei. Paki sehemu yenye mlinzi, saiti mira za Athlete zina wateja wengi usiku.

Ukiagiza Japan, kabla ya kupenda picha ingia kikokotoo cha TRA uweke mwaka na cc, maana injini imezidi cc 2000 na umri wa gari nao unaongezewa ushuru wa uchakavu, watu wengi wanapigwa na butwaa hapo gari likiwa bandarini. Dai karatasi ya mnada, gredi R maana yake lilishapigwa likanyooshwa. Kilometa 60,000 kwenye gari la 2009 ambalo pedali ya breki imelika na ngozi ya usukani inang'aa, hizo kilometa mwachie mwenyewe.

Ukinunua hapa hapa, nenda saa kumi na mbili asubuhi bila taarifa ndefu, shika boneti kabla halijawashwa, likiwa la moto ujue kuna kitu kinafichwa. Likiwaka sikiliza mgurumo wa cheni sekunde ya kwanza, angalia moshi wa bluu, acha lipate moto kisha weka D ushike breki uone kama linatetema. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani kama kuna tope jeusi. Endesha matuta ukiwa umezima redio. Muuzaji akikataa kupimwa kwa kompyuta, mshukuru kwa muda wake.

GX110 usiiuze kwanza, mwezi wa mwanzo utaihitaji maana hili jipya lazima liingie gereji, oili, haidroliki, plagi za iridiamu orijino, bushi, hata kama muuzaji kaapa liko fulu. Weka pembeni hela hiyo kabla ya kukubaliana bei. Ukipata gari nitumie namba ya chesisi, video ya kuwashwa asubuhi bila kukatwa, na picha ya dipstiki, nitakwambia kama ufunge safari ya kwenda kuliona.